Teremka Tukaze

Tangu nilipostaafu ukarani, baada ya miaka 31 ya kuandika hesabu za marobota ya mkonge yasiyokuwa yangu, nilishikwa na maradhi ambayo tabibu hakuyaona katika damu yangu, wala mke wangu hakuyatambua mapema kiasi cha kuyazuia: niliingiwa na dhana kwamba kila kitu cha nyumbani, kuanzia upawa wa mchuzi hata kitanda cha mgeni, chaweza kutengenezwa kwa mikono ya mwenye nyumba, bure, baina ya chai ya asubuhi na sala ya adhuhuri. Dhana hii niliipata barazani. Nyumba yetu hapa Ngamiani, Tanga, imeelekeana na karakana ya fundi seremala, na mtu akikaa kutwa akimtazama fundi anavyopiga randa, huona mkono unakwenda na kurudi, maranda yanaanguka yamejikunja, fundi mwenyewe anapiga soga na wapita njia. Basi yule mtazamaji hudhani kuwa ameiona kazi yote.

Nilianza na upawa. Maarifa ya upawa niliyapata utotoni kwa nyanya yangu, nami nayakumbuka vizuri sana, jambo ambalo limezidi kuniaibisha. Huchukuliwa kifuu cha nazi iliyokomaa kisichokuwa na ufa, kikakwanguliwa kwa kisu nyuzi zilizoganda, kikasuguliwa kwa majani ya msasa, mti ule ambao majani yake hukwaruza kama ulimi wa paka, na ambao jina lake limehamia kwenye karatasi tunayoinunua dukani. Kisha hutobolewa kwa kekee matundu mawili karibu na ukingo, ukapitishwa mpini, kazi ikaisha. Mimi sikuwa na kekee, na kuiazima kwa fundi kungekuwa ni kumpa habari. Nikatumia msumari uliotiwa moto. Kifuu cha kwanza kilipasuka, cha pili kikapasuka, cha tatu kikaruka dirishani kikiwa kizima, wala sikukiona tena. Na kwa kuwa kifuu hakipatikani ila nazi ivunjwe, na nazi iliyovunjwa haina budi kukunwa, nyumba yetu ilikula wali wa nazi, maharagwe ya nazi, samaki wa nazi na mchicha wa nazi siku 6 mfululizo, hata mjukuu wangu akauliza kama kuna harusi.

Siku ya 7 upawa ulipatikana. Niliusugua ukang'aa, nikaupeleka jikoni kwa mikono miwili kama apelekaye hidaya. Mke wangu aliuchovya katika chungu, akauinua, akautazama, na mchuzi ukarudi chunguni kwa uzi mmoja mwembamba uliotoka chini ya upawa bila haraka. Nilikuwa nimechagua nusu ya kifuu iliyo na macho. Kifuu kina macho matatu, na moja kati yake ni laini, maana ndilo mlango wa chipukizi. Basi mwenye macho mawili nilishindwa kuliona moja la nazi.

Habari ya debe ni fupi. Mke wangu alitaka chombo cha mrihani, nami nikalikata debe, nikalipaka rangi ya samawati, likapendeza hata nikaona ni dhuluma kulitoboa chini. Masika ikaingia. Mrihani ukafa kwa kuzama, na msiba huo sidhani kuwa umeipata miti mingi.

Nayasema hayo ili msomaji ajue kuwa nilipoufikia ulili, dalili zilikuwa zimekwisha kutimia.

Ulili wenyewe ulikuwa stoo, urithi wa bibi yake mke wangu: matendegu manne yaliyokerezwa kwa ustadi, mifumbati miwili, vitakizo viwili, na kamba ambazo panya na miaka walikuwa wamegawana. Ikaja habari kwamba mjomba wa mke wangu atatoka Pangani kuja kutuzuru baada ya wiki tatu, atalala siku mbili. Fundi akaitwa, akaugonga ulili hapa na pale kwa kifundo cha kidole, akasema, "Mzee, mbao hizi zitatuzika sote. Kuwamba na kamba yake, nipe 25,000."

Nilicheka kicheko cha mtu anayejua mambo. Kamba ni nini? Kamba ya asili ya pwani ni usumba, usumba hutoka kwenye makumbi, na makumbi, kwa sababu ya ile shughuli ya upawa, yalikuwa yamerundikana nyuma ya jiko letu hata kuku wakayafanya mlima. Nikamuaga fundi kwa adabu. Mke wangu aliyatazama makumbi, akanitazama mimi, akaingia ndani akafunga mlango taratibu.

Ni lazima nieleze namna usumba unavyopatikana kwa wanaoujua. Wanawake wa pwani, kama wale wa Paje na Jambiani kule Unguja, huyafukia makumbi katika mchanga wa ufukoni ambako maji ya bahari hujaa na kupwa, wakayagandamiza kwa mawe, wakayaacha miezi mingi mpaka nyama ya kumbi ioze. Kisha huyafukua, wakayaponda kwa magongo mpaka zibaki nyuzi tupu, wakazianika, ndipo wakasokota. Hayo yote niliyajua. Ila mimi sikuwa na miezi wala ufuko. Nilikuwa na wiki tatu na uani. Nikanunua pipa la plastiki kwa 12,000, nikalijaza makumbi na maji ya mfereji, nikalifunika kwa bati, nikaweka jiwe juu, nikaenda zangu barazani kuingojea kamba.

Siku ya tano harufu ilifika barazani kabla yangu.

Nikisema harufu nastiri. Ulikuwa uvundo wa mayai viza na tope la mikoko, unaotulia mchana kana kwamba umetubu, na magharibi, upepo unapolala, ukainuka ukazunguka mtaa mzima nyumba kwa nyumba kama mwalika watu. Baada ya isha wakakusanyika majirani uchochoroni kwetu.

"Shemeji," akauliza jirani wa kushoto, kanga ameishikilia puani, "wewe husikii harufu?"

"Nasikia kwa mbali," nikajibu.

"Ni paka huyo. Amefia darini kwa mtu."

"Paka gani! Huyo ni mbuzi," akasema mwingine.

Laiti ningesema pale pale. Lakini aibu ni kama deni, huzidi kwa kulala, nami nilikuwa nimekwisha kulala nayo siku mbili. Basi niliingia katika msafara wa kumtafuta mzoga, na kwa kuwa nilikuwa mtu mzima nisiyeweza kuinama sana, nikapewa tochi. Tukapekua darini kwa jirani wa kushoto, tukafunua mtaro, tukahamisha kuni za jirani wa kulia, kila mahali mimi nikimulika kwa bidii na kushauri watazame vizuri pembeni, mpaka kijana mmoja akakubali kuingia uvunguni mwa ngazi akatoka na utando wa buibui kichwani. Mjukuu wangu ndiye aliyekuja kunivuta kanzu mbele ya watu.

"Babu," akasema, "mbona pipa lako linapumua?"

Nikaligeuzia tochi. Kweli lilikuwa likipumua: bati lilijiinua kidogo upande mmoja, likatoa povu la rangi ya kahawa, likashuka. Hapana aliyesema neno. Tochi, ambayo usiku kucha ilikuwa imewaka vyema, niliizima mwenyewe.

Usiku ule pipa lilitoka kwa mkokoteni, na mwenye mkokoteni aliomba alipwe kwanza. Mke wangu aliningojea mpaka nimekwisha kuoga mara ya pili, akaniuliza kwa upole ambao ulinichoma kuliko ukali: "Mume wangu, ule ukarani ulikuwa na kosa gani?"

Asubuhi nilikwenda sokoni kwa njia ya kuzunguka nisionekane na fundi, nikanunua kamba ya mkonge kwa 18,000. Muuzaji akinipimia, nilizitazama zile nyuzi nyeupe, nikawaza kuwa mkono wangu umeandika maelfu ya marobota yake wala haujapata kusokota hata ugwe wa kufungia kuku.

Kuwamba kitanda ni kazi ya watu wawili, mmoja akipitisha na mmoja akivuta, na kila mzunguko hukazwa kwa kijiti kabla ya kuuendea mwingine. Nilifanya peke yangu, mlango nimeukomea. Nilipitisha kamba toka mfumbati hadi mfumbati, nikarudi kuisuka kutoka kitakizo cha kichwani hadi cha miguuni, juu, chini, juu, chini, na kwa muda wa saa mbili hivi nilikuwa mtu mwenye furaha kamili. Mwisho ilinibakia kamba ya pima mbili ambayo sikujua ilitakiwa kupita wapi. Nikaifunga kwenye tendegu kama mtu afungavyo mbuzi. Kisha nikakaa, kwa hadhari, upande mmoja tu wa makalio. Kitanda kikalia kidogo, kikanyamaza. Nikahesabu kuwa kimekubali.

Wazee waliokiita kitanda cha namna hii teremka tukaze hawakuwa wakifanya masihara, kama nilivyodhani miaka yote. Kamba mpya hulegea ikionja uzito, hivyo mlalaji huambiwa ateremke, kamba zikazwe, ndipo apande tena. Jina lenyewe ni mafundisho ya matumizi, mimi nikalichukua kuwa ni utani.

Mjomba alifika Alhamisi. Ni mtu wa staha, mwenye mwili uliojaa neema ya Mola, na sauti ya chini isiyopandishwa kwa lolote. Alikula, akasifu mchuzi (uliopakuliwa kwa kijiko cha dukani), akaonyeshwa kitanda, akasema kuwa kinamkumbusha marehemu dada yake, akaaga kulala. Usiku nilisikia mlio mrefu, kama wa jahazi linalovutwa nchi kavu, kisha kimya. Nilimwambia mke wangu ni popo. Hakunijibu.

Alfajiri mjomba hakutoka. Tukangoja. Jua likaanza kuchungulia, na kutoka chumbani kwake tukasikia ile sauti ya upole ikisema, "Hodi."

Katika umri wangu wote sijapata kusikia mgeni anabisha hodi akiwa ndani. Tulifungua. Kamba zilikuwa zimelegea mpaka sakafuni, mifumbati imekaribiana, na mjomba amekaa katikati yake kama embe ndani ya kikapu. Zilizoonekana ni nyayo mbili upande huu na kofia upande ule, navyo havikuwa mbali sana.

"Mkwe wangu," akasema, "kuamka nataka. Kitanda ndicho hakijaniruhusu."

Nilivuta mkono, mke wangu akavuta mguu, tukagundua kuwa twavutana sisi kwa sisi. Ikabidi fundi aitwe. Alikuja na vijana wawili, akasimama mlangoni, akautazama ulili, akaitazama ile pima mbili iliyofungwa kwenye tendegu, na uso wake, Mungu amjalie, haukubadilika hata kidogo. Aliinama kwa heshima akamwambia mgeni:

"Shikamoo mzee. Teremka, tukaze."

"Marahaba, mwanangu," akajibu mjomba. "Nifundishe na njia."

Alitolewa kwa kuinuliwa kitanda upande mmoja mpaka akateleza mwenyewe juu ya godoro, na katika kuinuliwa huko mfumbati mmoja ukachanika urefu wake wote. Dawa ya kuchulia mgongo ilinigharimu 6,500. Maadamu karani haachi ukarani, nilijumlisha: pipa, kamba na dawa ni 36,500, nisiweke humo makumbi wala heshima, dhidi ya 25,000 za fundi ambazo nilikuwa nimeziona nyingi.

Ulili ule vijana waliutoa uani wakauegemeza ukutani, umesimama kwa kitakizo chake, karibu na pale mke wangu alipokuwa amepanda asumini. Kwa ajili ya asumini ile alikuwa akiniomba chanja ya kutambalia tangu mwaka jana, nami nilikuwa nimeahidi kuifanya iwe kazi yangu ijayo. Asumini haikuningoja. Ilishika tendegu la chini, ikaingia katika matundu ya kamba zile zilizolegea, ambayo yalikuwa mapana kiasi cha kupitisha shina bila kulibana, na ilipofika kusi ilikuwa imekwisha kukifunika kitanda chote. Sasa jioni maua yakifumbuka, mke wangu huchuma ya vikuba, akachanganya na mrihani mpya ulio katika debe la samawati, ambalo alilitoboa yeye mwenyewe kwa msumari, mapigo manne.

Wiki iliyopita alikuja bibi mmoja wa mtaa wa pili kutazama. Alishika zile kamba, akashangaa zilivyosukwa kwa nafasi nafasi, akauliza ni fundi gani aliyeitengeneza chanja hii, maana naye ana asumini yake.

"Huyo hapokei kazi tena," akajibu mke wangu.

Nilikuwa nimekaa barazani nikisikia yote, na kwa mguu wangu wa kulia, polepole, nikaisukumia chini ya kiti ile kekee niliyoiazima kwa fundi asubuhi.