Sauti Kabatini

Mama alipofika Dar es Salaam kutoka Korogwe, akija kutibiwa mtoto wa jicho, Idi ya mwaka 2024 ilikuwa imepita siku chache tu na mke wangu alikuwa ameshahamia kabatini. Usiku, watoto wakishalala, alisukuma magauni pembeni, akaingia na simu na tochi, akajigubika blanketi, akaanza kusema. "Washa taa ya sebuleni." Kimya. "Je, kesho mvua itanyesha Arusha?" Kimya. "Mpigie mjomba." Kimya tena, kisha yale yale upya. Kabati letu limeegemea ukuta wa chumba alicholala mama, na mama, tangu macho yaanze kuingia ukungu, husikia mpaka panya wa kwa jirani.

Shule binafsi ambako mke wangu alikuwa akifundisha Kiswahili ilifungwa mwishoni mwa 2023, walimu wakatawanyika. Wenzake wengine walifungua genge, wengine wakarudi kwao. Yeye akasema atatafuta kazi mtandaoni. Majukwaa ya kazi hizo yapo miaka mingi: Fiverr ilianza 2010, enzi ambazo kila huduma pale iliuzwa dola 5, Elance na oDesk ziliungana na mwaka 2015 zikawa Upwork. Mteja anatangaza kazi, watu wa dunia nzima wanaiomba, au mfanyakazi anatangaza huduma yake; jukwaa linakaa katikati, linashika fedha na kukata chake. Fiverr hukata asilimia 20 ya malipo ya mfanyakazi. Upwork hata kuomba kazi kunalipiwa: unanunua pointi, senti 15 za Kimarekani kila moja, na ombi moja hula pointi kadhaa, uipate kazi usiipate. Kwa mtu ambaye hajaingiza hata shilingi hiyo ni pesa ya mboga, na mke wangu aliihesabu hivyo. Kila mara kabla ya kutuma ombi aliangalia kwanza kama mchicha na nyanya za kesho vipo.

Barua zake za mwanzo zilikuwa ndefu na za adabu, zenye shule alizosoma na miaka aliyofundisha. Hakuna aliyejibu. Mambo yalibadilika alipoacha kujieleza yeye na kuanza kuzungumzia kazi ya mteja: maandishi yako ya Kiswahili yana makosa haya, mimi ningeyaandika hivi. Mistari michache na sampuli fupi, basi. Ningekuwa na uwezo, kila kijana anayefungua akaunti leo ningemwambia hilo kabla ya kumwambia habari za picha nzuri ya wasifu.

Katikati ya hayo mdogo wake alikuja amejaa furaha. Amepata kazi ya kubonyeza video kupitia Telegram, malipo kila siku, ila kwanza atume ada ya kufungulia akaunti. Mke wangu alimnyang'anya simu. "Mwajiri hakuombi hela, mdogo wangu. Akiomba, si mwajiri." Wakanuniana hadi Jumapili, lakini ile hela haikutumwa.

Kazi ya kwanza ya maana ilitoka kwa kampuni ya California inayofundisha kompyuta kuelewa Kiswahili kinachosemwa. Walitaka mamia ya sentensi, kila moja faili yake, bila mwangwi na bila kelele. Sharti hilo ni zito kwetu Tabata. Alfajiri kuna adhana, na heshima yake haina mjadala. Kukikucha anapita mnunuzi wa chuma chakavu na kipaza sauti kinachorudia maneno yale yale, nyuma yake muuza samaki, nyuma yake bodaboda. Mchana fundi wa madirisha, nyumba ya pili, anakata vyuma. Jioni watoto. Usiku ndio uliobaki, na ulifaa pia kwa sababu saa tatu asubuhi ya California, majira yale ya mwaka, ni saa moja jioni kwetu. Maelekezo ya mteja yaliingia tukiwa tunaosha vyombo. Tulijaribu kila chumba. Sebuleni kulikuwa na mwangwi, jikoni friji inanguruma, chumbani feni, na feni ikizimwa jasho linachuruzika hadi kwenye simu. Nguo zilizotundikwa hunywa mwangwi, na hivyo ndivyo alivyoishia kabatini. Akabaki jogoo wa jirani, ambaye hakujua tofauti ya saa nane usiku na alfajiri. Tulimnunua, tukamla.

Mama alivumilia. Asubuhi moja akaniita uani, akanishika mkono. "Baba, mkeo mzima?"

Nikamwambia mzima.

"Basi usiku anaongea na nani? Anauliza mvua ya Arusha. Sisi Arusha tuna nani?"

Nilimweleza habari za kompyuta na sauti. Alinisikiliza kwa subira ya mzazi aliyekwisha kuamua kwamba mwanawe anafunika aibu ya nyumba. Kwa alivyoona yeye, mtoto wa watu kapoteza kazi, kajifungia gizani, anasema peke yake. Na anayempenda hangoji hali izidi.

Usiku wa kuamkia Ijumaa nilirudi kutoka kazini nikakuta viatu vimejaa barazani. Sebuleni yuko ustadhi wa mtaani, wako majirani wanawake na mitandio yao, chetezo kinafuka ubani, na mama kakaa katikati. Wamekuja kumsomea mke wangu dua. Mwenyewe hana habari. Yuko kabatini, spika za masikioni zimemziba, anakimbizana na sentensi kabla betri haijaisha, kwa maana umeme ulikuwa umekatika tangu magharibi. Sikuwahi hata kuvua viatu. Kutoka chumbani, wazi kabisa, ikaja sauti yake: "Zima kila kitu. Nipeleke nyumbani."

Jirani mmoja akapiga ukelele. Ustadhi akapandisha kisomo. Mke wangu akaona mstari wa sauti unaruka kwenye simu, akajua rekodi imeharibika, akafungua kabati na kutoka kwa hasira: blanketi kichwani, jasho linamtiririka, tochi mkononi. Alipotokea mlangoni pa sebule, yule jirani alikuwa ameshafika getini.

Ustadhi yule ninamheshimu hadi leo. Hakukimbia na hakukemea. Alimaliza dua yake, akauliza, "Binti, unafanya nini?" Mke wangu akamvalisha spika za masikioni na kumsikilizisha sentensi kadhaa. Akasikiliza hadi mwisho. "Na hii wanalipia?" Akaambiwa wanalipia. "Basi tutaiombea riziki," akasema, akainua mikono upya. Wali uliopikwa ukaliwa, ubani ukaachwa uendelee.

Mama hakucheka na wenzake. Alilia. Baadaye, wageni walipoondoka, alimkalisha mke wangu kitandani kwake. "Nilikuwa nalala nakuogopea wewe, mwanangu. Kila usiku."

Nimesikia watu wengi wakielezea kazi hizi kana kwamba ni mtu mmoja na kompyuta yake, uhuru mtupu, hakuna bosi. Si kweli katika nyumba zetu. Mtu akifanya kazi ndani ya nyumba yenye watu wanane, hao wanane wote wamo kazini: wananyamaza kwa ajili yake, wanakula kwa kuchelewa, wanaacha bando kwa ajili yake, na kama hawakuambiwa kwa nini, wanaumia. Kila mmoja ana haki ya kuelezwa tangu siku ya kwanza, bibi na mtoto wa mwisho kwa uzito ule ule.

Mama alipoelewa, aliishika kazi kuliko sisi. Jicho la kwanza lilikuwa limeshatibiwa, ana miwani ya jua, anakaa barazani na bakora. Mnunuzi wa chuma chakavu alipatana naye kuzima kipaza sauti kutoka kona ya duka hadi kona ya msikiti. Fundi wa madirisha akakubali kukata vyuma asubuhi na kupaka rangi alasiri. Hivyo mke wangu akapata saa mbili za mchana, na mlango wa kabati ukaweza kuachwa wazi kidogo apumue.

Kisha zikaja mvua. Masika ya mwaka ule yalikuwa mazito, na mwanzoni mwa Mei Kimbunga Hidaya kikafika pwani ya Tanzania. Juu ya bati letu matone yalizama ndani ya kila rekodi. Hata blanketi tatu hazikusaidia. Siku zikaliwa. Mvua ilipolegea alirekodi mfululizo hadi sauti ikakauka, mama akimchemshia tangawizi, na Jumamosi usiku akamaliza. Faili zilitakiwa kufika Jumatatu.

Jumapili tarehe 12 Mei intaneti ikaanguka. Nyaya za chini ya bahari zilikuwa zimekatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na nchi kadhaa za Afrika Mashariki zikabaki na mtandao wa kubahatisha. Sisi hatukujua hilo. Tulidhani ni simu, tukaizima na kuiwasha. Tukadhani ni bando, tukanunua jingine. Tukadhani ni mtandao wetu, tukaazima laini za majirani, kila kampuni ya simu moja. Sauti ni mzigo mkubwa mno kwa njia nyembamba kiasi kile. Faili zilifika asilimia tatu, zikarudi sifuri. Mke wangu alikaa sakafuni akikodolea ile namba, na kwa mara ya kwanza tangu shule ifungwe nilimsikia akisema labda hii kazi si ya watu wa kwetu.

Mama ndiye aliyeuliza, "Kwani lazima yaende yote pamoja? Embe za Korogwe hatupakii bustani nzima kwenye basi moja."

Kwanza mke wangu akamwandikia mteja mistari miwili isiyo na kiambatisho. Huo ujumbe ulipita. Kisha faili moja moja, sentensi moja moja, saa za usiku wa manane wengi wakiwa wamelala. Tulipokezana. Mimi nilituma hadi saa nane, binti yetu mkubwa akaamka kabla ya swala akaendelea, mama akishika orodha ya karatasi na kuweka alama kila iliyokwenda. "Mpigie mjomba, imefika. Mvua ya Arusha, bado." Mteja alijibu kwamba amesoma habari za zile nyaya na ametuongezea muda. Jibu lile jepesi nililisoma mara nyingi, kwa sababu upande wetu kulikuwa na familia nzima iliyokuwa inalingoja.

Kazi ilipokubaliwa, fedha hazikuja. Watu hawaambiwi hili vya kutosha: kupata fedha na kuzishika ni mambo mawili. Majukwaa huzikalisha kwanza. Fiverr, kwa muuzaji wa kawaida, hukaa nazo siku 14 baada ya kazi kukamilika. Halafu jina la akaunti ya kupokelea lazima lilingane na la kitambulisho, herufi kwa herufi. Laini ya simu aliyokuwa akiitumia mke wangu ilisajiliwa kwa alama za vidole vyangu, ikakataliwa. Akaunti yake ya benki, ile ya mshahara wa ualimu, ilikuwa imeandika jina lake bila "i" ya mwisho iliyopo kwenye kitambulisho. Ikakataliwa nayo. Ikabidi aende kwa wakili kuapa kwamba mwenye "i" na asiye nayo ni mtu mmoja, apeleke kiapo benki, angoje warekebishe. Anayeanza leo na ashughulikie majina kabla ya kuomba kazi hata moja. Fedha zilipoingia, alilipa ada ya mtoto, akanunua betri ya akiba ya simu, na akasajili laini mpya kwa vidole vyake mwenyewe.

Kampuni ikarudi na ombi jingine: sauti za wazee, kwa kuwa kompyuta zao zilizoea vijana na zikawa zinawakosea heshima watu wazima kwa kutowaelewa. Mama akataka kusoma mara moja kupitia akaunti ya mke wangu. Akakataliwa kwa upole, maana akaunti ni ya mtu mmoja na kuiazimisha ni kuipoteza. Atasajiliwa mwenyewe. Akavaa miwani yake mpya, akasoma karatasi ya masharti mstari kwa mstari, akasimama katikati. "Sauti yangu wakishaichukua inakwenda wapi? Nikifa bado wataitumia?" Mke wangu hakuwa amewahi kuuliza hivyo kwa sauti yake mwenyewe. Aliliandika swali kama lilivyosemwa, akalituma, na hakumruhusu mama kurekodi neno mpaka jibu lilipokuja kwa maandishi: itatumika kufundishia kompyuta tu, haitauzwa kama sauti ya mtu, na kabla ya kukabidhi anaweza kuiondoa. Mama akasema sawa, hapo anajua anachokubali.

Sasa amerudi Korogwe, macho yote mawili yanaona, na ana daftari la wanawake wa rika lake walio tayari kusoma. Kila mmoja anasomewa yale masharti kwanza. Kila mmoja awe na laini iliyosajiliwa kwa jina lake, na mama anakagua kitambulisho herufi kwa herufi. Mke wangu amempelekea mteja bei, ile ile aliyolipwa yeye. Mteja ameomba punguzo, kwa kuwa ni wazee na wanasoma polepole.

Mama amesema hapana, na mke wangu ameandika hivyo.