Saa 40 za Kanada

Mwenye shule yetu alikwenda Ontario kumtembelea binti yake, akarudi na koti zito lisilovalika Bujumbura pamoja na wazo moja. Kule Ontario, Kanada, alitueleza kwenye mkutano wa walimu, mwanafunzi hapati diploma ya sekondari mpaka atimize saa 40 za kuhudumia jamii bila malipo. Sisi, shule ya kulipia yenye hadhi yake, tunashindwa na nini? Fomu zikachapishwa, muhuri ukachongwa, na msimamizi akapatikana papo hapo: mimi, mwalimu wa Kiswahili, kwa kuwa ni mzaliwa wa mtaa wa Buyenzi na eti "naijua jamii".

Hakuna aliyethubutu kumkumbusha kwamba Burundi nzima huhudumia jamii kila Jumamosi asubuhi. Ibikorwa rusangi, kazi hizo za jumuiya, hazina fomu. Maduka yanafungwa, mabasi yanasimama, watu wanatoka na majembe na mafagio, na mji haupumui mpaka saa nne na ushei. Jirani zetu wa Rwanda wana umuganda Jumamosi moja tu kwa mwezi, ile ya mwisho, na dunia nzima inawapigia makofi. Ila watoto wa mitaa ya kitajiri ya Kiriri na Kinindo saa hizo wamelala. Anayetoka na jembe kwa niaba ya ua mzima ni zamu, mlinzi yule yule aliyekesha getini.

Mpango wetu ulikuwa kupanda mianzi kando ya Ntahangwa. Hapo sina neno. Mto ule unateremka kutoka milimani kwa hasira, kila mvua unamega kingo zake, na kuna nyumba za Mutanga na Nyakabiga ambazo jiko limeshakwenda na sebule inasubiri zamu yake. Mizizi ya mianzi hushika udongo. Tukapata miche, tukapata bango ambalo jina la shule lilikuwa refu kuliko miche yenyewe, tukapata hata mafuta ya basi, jambo ambalo siku hizi hapa kwetu linatosha kufanyiwa dua.

Basi likaondoka saa mbili na nusu, wakati hakuna gari linaloruhusiwa kutembea. Karibu na soko la Ruvumera askari akanyoosha mkono.

"Saa hizi mnakwenda wapi?"

"Kwenye kazi za jumuiya, shefu."

Akachungulia ndani. Akaona viatu vyeupe, glavu za waridi za kuoshea vyombo, miwani ya jua, bango.

"Basi mmeshafika," akasema. "Shukeni."

Mtaro tuliopewa unapita mbele ya gereji, na Buyenzi haina upungufu wa gereji. Tope lake ni jeusi linalong'aa, nusu matope nusu oili chafu, na ndani yake mlikuwa na chupa za plastiki, ndala ya mguu wa kushoto, na kitu ambacho binti mmoja alisisitiza kwamba kinapumua. Kikakaguliwa, kikawa kiti cha baiskeli. Kijana wa darasa la mwisho alisogea kwa fundi mmoja, akakohoa, akatamka: "Ndugu, naomba uniazime beleshi lako kwa muda mfupi, ikiwa hutajali." Gereji nzima ikazima mashine ili imsikilize vizuri. Kiswahili chake nimemfundisha mimi, na wala hakikuwa na kosa.

Nyumbakumi wa pale, mzee mwenye kofia ya kiua, alikuja na kijiti chake kuangalia wageni. Nikamweleza habari za saa 40.

"Arobaini kwa wiki?"

"Hapana mzee. Kwa shule yote."

Akahesabu kimoyomoyo, midomo ikichezacheza. "Mwalimu, mimi nazoa mtaro huu tangu huyu dereva wako hajaota ndevu. Waulize hao wa Kanada, diploma zangu ngapi?"

Mama mmoja muuza ndagala aliuchukua mche wetu, akaugeuza huku na huku kama anayekagua samaki. "Unazaa nini?" Nikamwambia mianzi hii si ya kula. Akaurudisha ndani ya basi mwenyewe, taratibu, asije akaharibu mali ya watu.

Kazi yenyewe, tusidanganyane, ilifanywa na mtu mmoja. Mzazi fulani alikuwa amemwandikia mwanawe cheti cha pumu na kumtuma zamu wa nyumbani badala yake, na zamu huyo, ambaye hajafumba jicho tangu jana yake, aliingia mtaroni mpaka magotini na kuuchimba kwa mwendo mmoja hadi kona. Wanafunzi walimzunguka, wakamshangilia, wakapiga naye picha. Kwenye picha iliyokwenda kwa wazazi, bango limemfunika kuanzia kifuani kwenda juu.

Jumatatu alikuja ofisini kwangu akiwa na shati safi. Amesikia kuna karatasi yenye muhuri. Kijana wa bosi wake, alisema, ameshapata ya kwake na imening'inizwa sebuleni. Nikatoa fomu. Kwenye "Darasa" tukaandika getini. Kwenye "Saa alizohudumu" nikamuuliza tuanzie lini, naye akavuta kiti, akakaa, akaanza kuhesabu Jumamosi.