Kila Mtu Ana Yutiai

Mxiuuu! Samahani, nimesonya kabla ya salamu, ila acheni nitoe kwanza. Jana kijiweni tulikuwa sita, na katika sita hao wanne wana yutiai na taifodi. Zote mbili, kwa mpigo. Wa tano ni muuza kahawa, ambaye hana muda wa kwenda kupima. Wa sita ni mimi, na yangu nitayasema.

Aliyechokoza ni dogo wa bodaboda. Kafika, kaegesha, kaomba kikombe, kasema mwili hauna nguvu, kichwa kinagonga, viungo utadhani kabebeshwa zege. Hakumaliza. Fundi viatu, bila kuinua uso kwenye soli aliyokuwa akiishona, akasema, "Hiyo yutiai hiyo." Mzee wa drafti akasogeza kizibo chake mbele: "Na taifodi. Huwa hazitembei peke yake." Utafikiri ni mtu na shemeji yake.

"Nimeshapima juzi, wazee wangu," dogo akajibu. "Ni zote mbili." Kumbe alishakojoa kwenye kikopo, alishatolewa damu, dakika kumi majibu haya hapa. Akachomoa mfukoni kipakiti cha nailoni kilichokunjamana. Alinunua sipro sita, zile antibiotiki, kwa sababu hela ya dozi nzima haikutosha. Kameza nne. Mbili zilikuwa zinagongana humo ndani na funguo ya pikipiki.

Hapo ndipo niliposonya mara ya kwanza.

Hebu tuulizane kiutu uzima. Yutiai ni maambukizi ya njia ya mkojo. Mkojo unachoma, unabanwa kila baada ya dakika chache na kinachotoka ni matone, chini ya kitovu panauma. Ikipanda hadi kwenye figo unapata homa kali, ubavu unauma, unatapika. Sasa mtu hajachomwa na mkojo hata siku moja, ila kachoka. Uchovu ndio umekuwa yutiai? Basi na makuli wote wa bandarini wanayo.

Binti yangu anasomea uuguzi, na ndiye aliyenionyesha hili kwenye simu yake. Mwaka 2014 jarida la New England Journal of Medicine la Marekani lilichapisha utafiti uliofanywa kwetu hapa hapa, Dar es Salaam na Ifakara. Walichukua watoto 1,005 wa chini ya miaka 10 waliofika kliniki wakiwa na homa, wakawapima kila namna. Katika watoto hao, asilimia 62 walikuwa na magonjwa ya njia ya hewa, mafua na vikohozi. Malaria asilimia 10.5, yutiai asilimia 5.9, taifodi asilimia 3.7. Na wengi wa watoto hao walikuwa na virusi, ambavyo sipro haiviwezi hata ukinywa ndoo. Haya, ni watoto, si watu wazima wenye ndevu kama sisi. Lakini tatu nukta saba na wanne kati ya sita ni vitu viwili tofauti, au hesabu za shule nimezisahau?

"Sasa maabara wanadanganya?" mzee wa drafti akauliza. Si lazima wadanganye, mzee wangu. Kipimo chenyewe cha taifodi, hiki tulichokizoea, kinaitwa Widal, jina la daktari wa Kifaransa aliyekitangaza mwaka 1896. Mwaka 1896 reli ya kati ilikuwa haijawekwa hata taruma moja. Na hakimtafuti mdudu mwenyewe. Kinatafuta kingamwili, yaani walinzi ambao mwili uliwaajiri kupambana naye. Walinzi hao wanaweza kuwa wa taifodi ya miaka iliyopita, au wa mdudu mwingine anayefanana naye. Ni sawa na kukuta mbwa uani kwa mtu ukatangaza kwamba jana usiku mwizi aliingia. Wenye uhakika huotesha damu maabara, na hiyo huchukua siku kadhaa, si muda wa kumaliza soda.

Mkojo nao una mambo yake. Ukikinga ule wa mwanzo kabisa, umekinga na uchafu wa mlangoni. Unaotakiwa ni wa katikati. Na kikopo kikiachwa dirishani juani kwa muda wa saa mbili, bakteria wanazaliana humo kama wako kwao. Nani kati yetu aliwahi kuambiwa hayo wakati anakabidhiwa kikopo? Mimi sikuambiwa.

Nishushe sauti kidogo, maana mama ntilie yuko karibu. Hii yutiai imekuwa pia shuka la kujifunikia. Kijana wa kiume anakojoa moto, asubuhi anaona usaha, anakuja kijiweni anasema ni yutiai ya vyoo vya kushea. Choo masikini ya Mungu hakina mdomo wa kujitetea! Hiyo mara nyingi ni kisonono au klamidia, na yule mwenzake naye inabidi atibiwe, la sivyo watarushiana kama mpira. Lakini ukitaja yutiai heshima nyumbani inabaki, mkeo anakupikia uji. Fundi viatu hapa alikohoa sana. Mimi sikumtazama.

Yutiai yenyewe, ile ya kweli, inawasumbua zaidi wanawake, kwa sababu mrija wao wa mkojo ni mfupi, na bakteria wengi wanaoileta hutoka kwenye haja kubwa ya mtu mwenyewe, si kwenye sinki la jirani. Ndiyo maana mabinti hufundishwa kujipangusa kutoka mbele kwenda nyuma. Mengine ni kunywa maji na kutobana mkojo, na hapo mimi nina ugomvi na masoko yetu. Mama anauza nyanya tangu alfajiri, choo ni cha kulipia, mlangoni kakaa mtu wa kukusanya pesa. Anafanya nini? Anaacha kunywa maji mpaka jioni. Halafu akiugua anaambiwa hajitunzi.

Haya, yangu sasa. Mwaka jana nilichoka vile vile kama dogo. Nikaenda kituo kimoja, sikitaji, nikatoka na zote mbili na mfuko wa dawa. Nikamaliza dozi, uchovu ukabaki pale pale. Mke wangu ndiye aliyegundua ugonjwa, bila kikopo: mechi za Ulaya zinaanza saa tano usiku, zikiisha ni karibu saa saba, na mimi alfajiri niko kituoni nasubiri daladala. Nilikuwa napata usingizi wa saa nne tu. Nilipoacha kutazama za katikati ya wiki, nguvu zikarudi. Fainali nilitazama, msinisute.

Ila kuna kitu kingine. Binti yangu alikuja likizo na kile kipimo cha mkononi cha presha, anajifunzia kwetu. Akanikalisha dakika tano kimya, mgongo umeegemea kiti, akanikataza kunywa kahawa kwanza. 168 kwa 104. Akadhani kakosea, akarudia. Kesho yake tena, na wiki iliyofuata hospitali tena, bado iko juu ya 140 kwa 90. Na mimi sikuwa nasikia chochote! Kichwa hakigongi, moyo haukimbii, napanda ngazi kama kawaida. Pale nilipokuwa naumwa hapakuwa na ugonjwa, na pale palipokuwa kimya ndipo kiharusi kilipokuwa kinanipigia hodi.

Sasa kamuulize mwanakijiwe dawa za presha. "Ukianza huachi!" "Zinaua nguvu za kiume!" "Tafuna kitunguu swaumu, braza." Watu hao hao wanameza sipro kama karanga. Kidonge kimoja kila asubuhi wanakiogopa, na mzee wa drafti, ambaye hajapima presha tangu azaliwe, anamwagia chipsi chumvi mbichi kabla hajaonja. Chumvi ya siku nzima, Shirika la Afya Duniani linasema isizidi gramu tano, kama kijiko kimoja cha chai, na humo imo ya mboga, ya mkate, na ya kachumbari. Yeye hiyo anaimalizia kwenye sahani moja.

Nikamwambia dogo: kama homa inapanda, nenda kituo cha afya, pima malaria, umwone mganga akuguse tumbo na kukusikiliza kifua, usiende kununua jina la ugonjwa. Na usiku uliopita ulilala saa ngapi? Akacheka. Alikuwa na abiria wa harusi mpaka saa tisa.

Akamaliza kahawa, akatafuna kashata, akasema kweli anajisikia nafuu. Abiria akamwita upande wa pili wa barabara. Alipokuwa anachomoa funguo, kile kipakiti kikadondoka mavumbini. Akakiokota, akakipuliza, akamtupia fundi viatu.

"Mzee, hizi mbili zimebaki. Si ulisema mgongo unakusumbua?"

Nikasonya mpaka muuza kahawa akageuka. Fundi alinitazama, akazitazama zile mbili, akazitia kwenye mfuko wa shati.

"Za akiba," akasema.