Namna ya Kusanifu Mifumo ya Kaunti Bila Kufika Mogogosiek

Umepewa kazi ya kuandika mkakati wa teknolojia wa kaunti, na bosi amesisitiza uwe na "usanifu wa mifumo". Hongera. Kitu chenyewe si kipya. John Zachman alichapisha jedwali lake la usanifu akiwa IBM mwaka 1987, Marekani ikayabana mashirika yake ya serikali kwa sheria ya 1996, na hapa kwetu Mamlaka ya ICT ina kiwango chake kwa taasisi za umma. Usijichoshe kuvisoma. Vitaje ukurasa wa tatu, baada ya picha ya gavana.

Kwanza tafuta hoteli Naivasha. Usanifu hauchorwi Konoin, eneo la Bomet iliko Mogogosiek. Kule kuna watu, na watu huuliza maswali. Mchoro uwe na matabaka manne: shughuli juu, halafu data, halafu programu, mitambo chini kabisa, kila tabaka na rangi yake. Mishale yote ipe ncha mbili. Mshale wa ncha moja ni hatari, maana mwakilishi wadi mmoja anaweza kuamka na kuuliza habari zinatoka ofisi gani zinakwenda ipi.

Mchoro ukishapitishwa, ufungie kabatini, kila idara ijinunulie mfumo wake. Enzi za mabaraza ya serikali za mitaa, mengi yalikusanya ushuru kwa mfumo mmoja, LAIFOMS. Kaunti zilipoanza 2013, kila moja ikashika njia yake. Wewe shusha uhuru huo hadi kwenye idara. Mama mwenye duka sokoni Mogogosiek awe Chepkemoi kwenye leseni ya biashara, Chepkemoy kwenye kodi ya ardhi, na C. Kemoi hospitalini. Akilalamika kwamba ameshalipa, mwambie alete risiti. Akileta, mwambie hiyo ni ya mfumo ule mwingine. Matumizi yatakuwa IFMIS, mfumo wa fedha wa Hazina ya Taifa, na mapato yatakuwa kwa mzabuni. Katikati weka kijana mmoja wa Excel asiyeruhusiwa likizo. Kwenye mkataba usiulize data itabaki kwa nani siku mzabuni akiondoka. Utaonekana humwamini.

Sasa, onyo kubwa. Ikikubidi kufika Mogogosiek, usikaribie kituo cha kununulia majani chai. Utamkuta karani na mizani yake ya elektroniki ananing'iniza gunia, anaingiza namba ya mkulima, kilo zinasomeka, risiti inatoka. Namba hiyohiyo ndiyo inayofuata majani kiwandani, ndiyo inayolipwa mwisho wa mwezi, ndiyo inayokatwa mbolea ya mkopo, na bonasi ikitangazwa, ni hiyohiyo. Mzee aliyeishia darasa la nne atakueleza mtiririko wote huo akiwa amesimama, bila mshale hata mmoja, na kilo mbili zikipungua atajua kabla gunia halijashushwa. Si kwamba wakulima wameridhika. Waulize kuhusu bonasi ya magharibi mwa Bonde la Ufa uone kama utaondoka kabla ya giza. Lakini wanagombania hesabu wanayoiona. Ukitazama mambo haya kwa muda mrefu unaweza kushawishika kuanza na namba moja ya mwananchi na kujenga mengine juu yake, na hapo utakuwa umewanyima riziki wazabuni sita.

Hakikisha pia kila kitu kinahitaji intaneti muda wote. Mvua ya alasiri ikinyesha na umeme ukapotea, kimashine cha mkusanya ushuru kizime kabisa, arudie kitabu cha risiti cha karatasi, na Jumatatu mtu achape upya yote. Usiruhusu kimashine kuhifadhi malipo hadi mtandao urudi. Watu watadhani umewahi kusimama sokoni kwenye matope.

Imebaki tarehe. Mpango wa maendeleo wa kaunti ni wa 2023 hadi 2027 na bajeti hufuata mpango huo, kwa hiyo mkakati wako uanze 2026 uishe 2031, visilingane mwanzo wala mwisho. Uchaguzi ni Agosti 2027. Andaa toleo jingine la mchoro lenye rangi zisizo za chama chochote, na nafasi tupu ya picha ukurasa wa kwanza. Hili la sasa litume ofisi ya wadi kwa baruapepe, PDF ya megabaiti 60.