Natafuta Ngozi ya Mswidi

Shangazi alipostaafu uuguzi na kwenda kukaa kwa mwanawe Dodoma, alitugawia vitu vyake. Kaka yangu akapata kabati. Mdogo wangu akapata mbuzi wawili. Mimi, kwa kuwa ni mwalimu, na mwalimu hapa Masagati hudhaniwa kuelewa kila kitu chenye skrubu, nikakabidhiwa jiko la Primus.

Kwa ambaye hajaliona: ni tangi la shaba lenye ukubwa wa papai, limesimama kwa miguu mitatu, ubavuni lina pampu, juu lina kichwa cha kuwakia. Utambi halina, na hiyo ndiyo sifa yake. Mswidi mmoja, Frans Lindqvist, alilibuni mwaka 1892 akitaka jiko lisilotoa masizi. Unapasha kichwa kwa spiriti, unapampu, upepo unayasukuma mafuta ya taa hadi juu, yakikuta joto yanageuka mvuke, mvuke unapenya kwenye kitobo chembamba na kuwaka buluu huku unanguruma. Amundsen alilibeba hadi Ncha ya Kusini mwaka 1911. Mwaka 1953 Hillary na Tenzing walikuwa nalo Everest. Huko kote kwenye barafu liliwaka. Limefika Masagati kwenye joto, likagoma.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa kwenye pampu. Mkono ulikwenda na kurudi bila kukutana na chochote, kama mtu anayekoroga uji wa mgonjwa. Nikaifungua. Mwishoni mwa ule mti wa pampu kuna kipande cha ngozi chenye umbo la kikofia, kikubwa kidogo kuliko kifungo cha koti. Kilikuwa kikavu na kigumu kama ganda la ukwaju. Nikatoa hukumu palepale: kimekufa. Nikakitia mfuko wa shati kiwe sampuli, nikatafuta bodaboda.

Kutoka Masagati hadi Mlimba wakati wa masika sitasimulia. Itoshe kusema nililipa nauli kamili na sehemu kubwa ya njia nilisukuma pikipiki. Mlimba nikaingia duka la vipuri nikiwa na tope hadi kwenye masikio.

"Naomba ngozi ya pampu," nikamwambia kijana.

"Ya Boxer au ya TVS?"

"Ya Primus."

"Primus ya Mchina au ya Mhindi?"

"Ya Mswidi."

Akaduwaa kidogo, akaingia ndani, akarudi na plagi. "Jaribu hii, mwalimu. Inaingiliana na nyingi." Mteja mmoja aliyewahi kuishi Kigoma alichangamka mno kusikia jina hilo. Mara ya mwisho kuinywa Primus, alisema, ilikuwa Bujumbura, na ilikuwa baridi kweli.

Nikapanda treni hadi Ifakara. Mji ule una kila kitu, nilijiambia, na ni kweli: sokoni nilikuta majiko ya mchina na tambi zake, nikakuta mifuniko ya sufuria isiyo na sufuria, na mtu wa vyuma chakavu aliyetaka kulipima jiko langu kwa kilo kabla hajaniamkia. Ngozi hakuna. Mzee mmoja muuza vyombo alinihurumia. "Mwalimu, mafuta ya taa nani anapikia siku hizi? Walipopandisha kodi mwaka 2011 kuzuia uchakachuaji wa dizeli, na majiko yenu hayo wakayazika. Wewe hutafuti kipuri, unatafuta kaburi." Kisha akaniuzia kijiko. Mpaka leo sijui nilikinunua kwa nini.

Fundi viatu wa kando ya soko ndiye aliyekuwa na matumaini. Alikata kipande kutoka kwenye kiatu cha mtu ambaye, alinihakikishia, hatarudi. "Ngozi halisi hii," akasema, akakipiga nyundo hadi kikawa na umbo la kikofia. Nikamlipa, nikageuza nyumbani kifua mbele.

Hakikuwa ngozi halisi. Kilikuwa plastiki iliyosoma vizuri. Ilipokutana na mafuta ya taa ikavimba, pampu ikanasa nusu ya njia, nami kwa haraka zangu nikawasha kichwa kabla hakijapata moto wa kutosha. Primus isipopashwa vizuri haitoi mvuke, hutoa mafuta yenyewe. Mwali wa manjano ukaruka hadi karibu na kenchi. Nyusi yangu ya kushoto haikunusurika.

Kesho yake nikapeleka mzoga kwa fundi baiskeli pale chini ya mwembe.

"Kamwene, mwalimu," akasema, macho yake yakiwa kwenye ile nyusi. Hakuuliza. Alifungua pampu ya jiko, akachungulia, akaivuta pampu yake ya baiskeli, akaifungua na yenyewe. Mwishoni mwa mti wake: kikofia cha ngozi, saizi ileile. Akakihamisha. Nikapampu, safari hii mkono ukakutana na kitu. Tukatia spiriti, tukasubiri kama watu wazima, jiko likanguruma hadi kuku wakakimbia. Mke wangu akaleta sufuria ya chai.

Chai haijachemka, akaja jirani anasukuma Phoenix yake, gunia la mchele nyuma, tairi limelala chapati. Fundi akaitazama pampu yake isiyo na ngozi. Jirani akaitazama. Halafu wote wakanitazama mimi.

"Ile ya zamani uliitupa?" akauliza fundi.

Ilikuwa bado mfukoni. Aliigeuzageuza, akamwomba mke wangu mafuta ya kupikia kidogo, akaidondoshea matone mawili, akaifikicha kwa kidole gumba hadi ikalegea na kung'aa. Akaivalisha kwenye pampu ya baiskeli, akasukuma. Tairi likanyanyuka na gunia lake.

"Mwalimu," akasema kwa upole, "hii ngozi haikuwa na ubaya wowote. Kiu tu."

Mke wangu akageuka polepole. "Hivi nauli ya kwenda na kurudi Ifakara ilikuwa shilingi ngapi?"

Nikainama, nikapampu jiko kwa nguvu zangu zote, ngurumo ikapanda, nikamwonyesha kwa ishara kwamba simsikii.