Namna ya Kumgombeza Dereva kwa Adabu

Mwongozo huu nauandika kwa ajili ya mtu wa kisiwa cha Macaloe aliyekulia kwenye dau, ambaye sasa analazimika kupanda chapa, yaani daladala za huko, na pikipiki za abiria katika vitongoji vya Pemba. Pemba hii ya Cabo Delgado, Msumbiji, si ile ya karafuu. Utamfaa pia mtu wa Mtwara, wa Mbagala na wa Mtwapa, maana dereva anayekimbiza gari katikati ya watu ana tabia moja kila mahali. Kifaa kinachohitajika ni mdomo. Unao tayari, na ukiwa kisiwani unautumia vizuri sana.

Kabla dau halijasukumwa majini, kila abiria ni nahodha. Bibi aliyeketi juu ya kapu la samaki wakavu anauliza kama ule ufa wa ubavuni umetiwa kalafati. Mzee anatazama mawingu, anasema kusi leo ina hasira, tungoje maji yageuke. Mwenye mbuzi watatu anaambiwa mmoja ashuke. Nahodha hununa, lakini mbuzi hushushwa. Mtu mwenyewe anaamini kabisa kwamba mauti yameandikwa, na bado anakagua tanga na kamba zake kabla ya safari. Sisemi kwamba baharini hakuna uzembe. Tarehe 7 Aprili 2024 chombo cha uvuvi kilichobeba watu kama 130 kutoka Lunga kilizama karibu na Kisiwa cha Msumbiji, wakafa karibu watu 100, wengi wao watoto. Walikuwa wakikimbia uvumi wa kipindupindu. Lakini desturi ya kubishana na nahodha ipo, na inaokoa watu.

Sasa mwangalie bibi yule yule ndani ya chapa inayotoka Pemba mjini kuelekea Muxara. Viti ni vya watu kumi na watano. Ndani mna watu ishirini na wawili, dumu la mafuta ya kula na ndoo mbili za dagaa. Kioo cha mbele kina ufa unaotambaa kutoka pembe hadi pembe. Dereva ana simu begani, ameishika kwa shingo, na mkono wa kulia umelala dirishani. Kondakta ananing'inia mlangoni akihesabu sarafu. Gari linapita mbele ya shule kwa mwendo unaofanya vioo vitetemeke. Bibi aliyemhoji nahodha kwa ukali kule dauni anashika kiti cha mbele yake na kusoma dua kimoyomoyo. Dua asome. Ila akimaliza, afungue mdomo, aseme: "Mwanangu, punguza mwendo."

Ushauri huu umepimwa. Mwaka 2008 wachumi wawili, James Habyarimana na William Jack, walifanya jaribio kwenye matatu za masafa marefu nchini Kenya, zaidi ya magari 2,000. Karibu nusu yake yalibandikwa ndani karatasi zinazowahimiza abiria wapaze sauti dereva akiendesha hovyo. Madereva waliotunza vibandiko hivyo bila kuvibandua waliingizwa kwenye bahati nasibu ya kila wiki. Matokeo yaliangaliwa katika daftari za kampuni za bima: madai ya ajali kwenye magari yaliyobandikwa yalishuka kwa nusu, na katika baadhi ya hesabu zaidi ya nusu. Baadaye kazi hiyo ilipanuliwa kwa magari mengi zaidi, ikaitwa Zusha. Barabara zilibaki zile zile, na madereva wale wale. Kilichobadilika ni kwamba abiria walipewa ruhusa ya kusema, wakasema.

Kwa hiyo jipe ruhusa hiyo mwenyewe, leo. Hatua ya kwanza ni kuchagua neno la undugu, kwa sababu dereva akitukanwa hukanyaga mafuta zaidi. Akiwa kijana, mwite mwanangu hata kama hujazaa. Akiwa rika lako, kaka. Akiwa na mvi, baba au mjomba, na sauti iwe ya chini kidogo lakini imfikie. Kisha sema jambo moja tu, fupi: punguza mwendo, weka simu chini, usipite gari lile kwenye kona. Usitafute kisingizio. Watu wengi hudhani lazima wawe na mimba au mgonjwa ndipo wastahili kufika salama. Unastahili kwa kuwa umo ndani ya gari.

Kondakta atakujibu kabla ya dereva. Majibu yake ni ya zamani na unaweza kujiandaa nayo nyumbani. Akisema, "Mama, kama unaogopa panda ndege," mwambie ndege nayo ina rubani asiyezungumza kwa simu. Akisema, "Tunachelewa," muulize nani anachelewa, kwa sababu ndani ya gari hili hakuna aliyelalamika. Akisema ni kadari, mkubalie kwamba kadari ipo, kisha umwombe dereva apunguze mwendo hivyo hivyo.

Hatua ya pili ni muhimu kuliko ya kwanza: tafuta mwenzako. Sauti moja ndani ya chapa huonekana kama kelele za mtu mmoja. Sauti tatu ni mkutano. Kabla gari halijajaa, mgeukie jirani yako, msalimie vizuri, muulize watoto, halafu umwambie: "Huyu akikimbiza, tuseme pamoja." Nimeona gari zima likigeuka baraza kwa sababu ya wanawake wawili wa namna hii, na dereva akapunguza mwendo huku akinung'unika. Aendelee kunung'unika. Ananung'unika akiwa kwenye kilomita 40 kwa saa, na hilo ndilo tulilotaka.

Hatua ya tatu ni kushuka. Akikwambia "shuka basi", shuka, lipa nauli ya mpaka pale ulipofika, na uandike namba ya gari. Ni hatua ngumu, naijua, hasa jua la saa saba likiwa utosini na kapu mkononi. Lakini gari ambalo abiria watatu wameshuka njiani limepoteza nauli tatu, na mwenye gari huhesabu fedha zake kila jioni.

Hapa nataka nieleze mwendo ni kitu gani, kwa lugha ya mtu wa kisiwani, kwa sababu namba ya kilomita haimwambii chochote mtu ambaye hajawahi kushika usukani. Umeshawahi kuona mtu akianguka kutoka juu ya mnazi. Kugongwa na gari lenye mwendo wa kilomita 30 kwa saa ni sawa na kuanguka kutoka mita tatu na nusu: huenda ukavunjika mguu, na ukapona. Kilomita 50 ni mita kumi. Kilomita 60, ambazo sheria ya Msumbiji inaziruhusu ndani ya makazi, ni mita kumi na nne. Na kilomita 80, ambazo utaziona kila asubuhi mbele ya mabanda ya sabuni na mahindi ya kuchoma, ni mita ishirini na tano, mnazi ambao hata wakwezi hodari huutazama mara mbili. Tena gari halisimami pale dereva anapotaka. Kwenye kilomita 80 linakula mita 22 kila sekunde, na sekunde ya kwanza yote inakwisha dereva akiwa bado anashtuka. Kabla mguu haujagusa breki, mtoto aliyekuwa mbali ameshafikiwa.

Ndiyo maana mwendo unatisha zaidi katika vitongoji vyenye watu kuliko porini. Pemba imekua upesi. Oktoba 2020 peke yake zaidi ya watu 10,000 walishuka kwa mashua kwenye ufukwe wa Paquitequete wakikimbia vita vya Cabo Delgado, na wengi wa waliohama miaka hiyo walihamia pembezoni, Mahate, Muxara, Expansão. Barabara iliyokuwa ya kutokea mjini sasa ina nyumba huku na huku. Bomba la maji liko upande mmoja, shule upande wa pili, soko katikati. Dereva bado anaipita kama zamani, ilipokuwa na mibuyu tu. Shirika la Afya Duniani lilitoa hesabu mwaka 2023: watu milioni 1.19 hufa barabarani kila mwaka. Tangu 2010 hadi 2021 vifo hivyo vilipungua kidogo duniani, lakini katika kanda ya Afrika viliongezeka kwa asilimia 17, ingawa magari yetu ni sehemu ndogo sana ya magari ya dunia. Wanaokufa kwetu ni watembea kwa miguu na wapanda pikipiki kwa wingi. Ni sisi wa kapu na ndoo.

Kwenye pikipiki masharti ni magumu zaidi, kwa sababu hakuna jirani wa kusaidiana naye. Masharti yote yamalizike kabla hujakaa. Uliza helmeti. Kijana atajibu, "Ya nini, mama, si hapo tu?" Mwambie na wewe kichwa chako ni hicho tu. Kama anayo moja na ameivaa yeye, omba mwingine mwenye mbili. Wapo, na wakiona abiria wanawachagua wao, wengine nao watanunua. Ukipewa helmeti, funga mkanda chini ya kidevu, kwa sababu isiyofungwa huruka kabla yako. Kama unaogopa jasho la kichwa cha mtu mwingine, tanguliza kilemba au kofia ya kitambaa. Usipande watatu. Mama mwenye mtoto mgongoni, mwingine mapajani na ndoo mkononi hana mkono wa kujishikia, na kijana aliyembeba hawezi kukata kona. Mguu wako uwe mbali na bomba la moshi. Kovu lake la duara, ndani ya muundi, utaliona kwa wasichana wengi wa mjini.

Kuvuka barabara kunahitaji maneno machache. Msumbiji magari hukaa kushoto kama Tanzania na Kenya. Wareno kwao walihamia upande wa kulia mwaka 1928, lakini huku tukabaki na majirani zetu. Kwa hiyo angalia kulia kwanza, kisha kushoto, kisha kulia tena. Vuka moja kwa moja, usipinde kama kaa. Usiku vaa kitambaa cheupe. Kaniki na buibui jeusi havionekani kwenye taa za gari mpaka gari limefika. Mtoto mdogo mshike kifundo cha mkono, kwa sababu vidole vyake huteleza.

Na lori la mafuta likipinduka, kimbia upande ule upepo unakotoka. Usirudi na dumu. Caphiridzange mkoani Tete, Novemba 2016, na Msamvu mjini Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, watu walikwenda kuchota mafuta yaliyomwagika, moto ukalipuka. Msamvu pekee walikufa zaidi ya 100. Mafuta yale hayatoshi hata sanda.

Lakini mdomo wa abiria una mpaka wake. Kuna gari dogo la mtu binafsi ambalo halina abiria wa kulalamika, na kuna lori la mchanga. Madereva wa magari hayo wanasikia kitu kimoja tu: tuta. Jijini Dar es Salaam shirika la Amend lilikwenda kwenye shule za msingi zilizokuwa na watoto wengi wanaogongwa, likaweka matuta, alama za kivuko, njia za miguu pembeni na vigingi vya kuzuia magari yasipande huko. Mahali pengine lango la shule lilihamishiwa upande usio na magari. Majeruhi miongoni mwa watoto walipungua kwa kama robo, na mwaka 2019 kazi hiyo ilipata tuzo ya kimataifa ya miji. Saruji, rangi na koleo: hakuna kitu hapo ambacho fundi wa Muxara hakijui.

Tuta huombwa kwa barua. Iwe ukurasa mmoja. Taja shule, taja mahali penyewe, taja saa ambazo watoto wanavuka, na kama kuna mtoto aliyegongwa mwaka huu taja mwezi, bila kutaja jina lake. Ipelekwe manispaa na watu kumi kwa miguu yao: mwalimu mkuu, katibu wa mtaa, imamu, padri, muuza mahindi wa pale pale, na kiongozi wa waendesha pikipiki, ambaye ni lazima awepo kwa sababu vijana wake nao wanazikwa. Chukueni nakala yenye mhuri wa kupokelewa. Rudini baada ya wiki mbili, watu wale wale, na nakala ile ile. Mkiambiwa fedha hazipo, ulizeni tuta moja ni mifuko mingapi ya saruji, na semeni mtaa utachangia mingapi. Mkiambiwa matuta yanaharibu magari, jibuni kwamba gari linaloharibika juu ya tuta lilikuwa linakimbia, kisha muulizeni ofisa ni siku gani fundi ataanza kazi.