Barua ya Wazi kwa Wizara ya Uchukuzi, Kinshasa: Kuhusu Stesheni ya Nyankunde



Stesheni ya gari la moshi ya Nyankunde, kilomita kama 45 kusini-magharibi mwa Bunia, ina rekodi safi kuliko zote nchini. Haijawahi kuchelewesha abiria, kupoteza mzigo wala kuuza tiketi za magendo. Haijajengwa pia, na hilo limesaidia.

Asili yake ni mwaka 1902, Dola Huru ya Kongo ilipopatana na kampuni ya CFL, ya Baron Empain wa Ubelgiji, itandaze reli kutoka Stanleyville, Kisangani ya leo, hadi Ziwa Albert, yaani kuukatiza mkoa wetu huu huu wa Ituri. Kwa taabu hiyo kampuni iliahidiwa hektari milioni 4 za ardhi. Reli iliyofunguliwa 1906 ikashika njia ya kusini, kilomita kama 125 hadi Ponthierville, kuyakwepa maporomoko ya mto. Ya ziwani ilibaki kwenye ramani, na hapo haijapata kutu hata leo.

Iliyojitahidi kusogea upande huu ni Vicicongo, reli nyembamba ya sentimita 60, iliyofika Mungbere 1937. Shabaha yake ilikuwa pamba na kahawa zifike bandari ya mtoni ya Aketi, zishuke kwenda ng'ambo. Binadamu alipanda palipobaki nafasi. Siku hizi nyasi ndizo zinazoitumia. Ng'ambo ya mpaka, Uganda ilifikisha reli yake Pakwach miaka ya 1960, ikasimama hapo.

Kazi za stesheni ya Nyankunde, hata hivyo, hazijalala. Mabehewa ni malori ya Fuso, abiria wakiwa juu ya magunia. Daraja la kwanza ni pikipiki: mgonjwa anayepelekwa hospitali ya CME hubanwa katikati, dereva mbele, ndugu nyuma amemkumbatia asidondoke, na kwenye kila shimo wote watatu huinuka pamoja. Tiketi hukatwa kwenye vizuizi vya barabarani, mara kadhaa kwa safari moja, ufanisi ambao hakuna shirika la reli lililoufikia.

Kwa hiyo Wizara haisumbuliwi kwa maombi ya reli. Iliyopo kwenye ramani inatosha. Kinachoombwa ni makalavati katika barabara ya Bunia–Komanda, kabla ya mvua kubwa, ili mabehewa haya yaache kulala matopeni.